Mzee Beja na Fimbo ya Kupimia Mishale

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa! Ninyi wa mlangoni sijawasikia. Au mmekuja kunitazama mdomo?

Pakawa, bibi!

Hapo sawa. Endeleeni kupukuchua mahindi. Mikono ifanye kazi, masikio yafanye kazi, midomo ipumzike.

Zamani za kale, kale ile ambayo kila mzee hudai alikuwepo na hakuna wa kumbishia, palikuwa na kijiji. Jina lake silitaji. Wajukuu wa watu wake wangali hai, na wengine hasira zao ziko karibu.

Kijiji hicho kilikuwa na mkuu wake, Ngome. Mkuu Ngome alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa mirefu zaidi. Akisimama wima, vidole vinakaribia magoti. Mungu ndiye aliyemgawia. Sisi ni nani hata tuulize kama udongo ule ungefaa kuongezwa mahali pengine, tuseme kichwani?

Katika ujana wake Mkuu Ngome alimpiga pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama fahali, kwa mshale mmoja. Vuuu! Ndu! Pofu chini. Hilo ni kweli, hata maadui zake walilikubali. Lakini pofu yule alikufa siku moja tu, na baada ya hapo hakupata kupumzika. Kila pombe ilipoiva, pofu alifufuliwa. Kila alipofufuliwa, alikuwa amenenepa. Mwishowe alikuwa mkubwa hata usingeelewa ni kwa nini alihitaji kupigwa mshale. Mnyama wa namna ile ungemkosaje hata kwa jiwe?

Na kila alipouawa upya, alikuwepo mtu mmoja wa kushangaa kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Huyo ni Mwero, mpiga mbiu wa kijiji. Kazi yake ilikuwa kupiga mbiu. Kipaji chake kilikuwa kusema ndiyo. Mkuu akipiga chafya, Mwero anasema, "Ndiyo."

Basi siku moja pombe iliiva vizuri kupita kawaida. Mkuu Ngome akasimama katikati ya baraza.

"Mnajua kwa nini pofu wangu alianguka?"

"Ndiyo," akasema Mwero.

"Kwa nini?"

Maswali yanayotaka jibu jingine yalikuwa yakimtesa Mwero sana.

"Kwa sababu mshale wangu ulikuwa mrefu!" akasema Mkuu. "Nilivuta ugwe wa upinde mpaka huku, nyuma ya sikio! Vijana wa leo wanavuta mpaka shavuni, kama mtu anayejikuna. Ndiyo maana mnakula mchicha."

Akaagiza fimbo ya mti wa mkole iliyonyooka. Akaweka ncha moja nyuma ya sikio, akatuna kifua, akanyoosha mkono wa kushoto kama anayeshika upinde. Mwero akakata pale ngumi ilipoishia. Na kwa kuwa aliyekata ni Mwero, alikata mbele kidogo, akaacha nyongeza ya heshima.

Fimbo ikatundikwa barazani. Mbiu ikalia.

"Kuanzia leo, kila mshale uwe sawa na fimbo ya Mkuu! Ukipungua ni uvivu! Ukizidi ni dharau! Na kila mwanamume avute, avute, mpaka chembe, ile ncha ya chuma ya mshale, iguse ngumi!"

Wanaume wakashangilia. Wafupi ndio walioshangilia zaidi. Mnacheka? Nani kati yenu angesimama mbele ya wake na wakwe akasema, "Samahani, mkono wangu mimi hauchukui mshale mrefu hivyo"?

Mmoja tu hakushangilia. Alikuwa mzee, jina lake Beja.

Mzee Beja alikuwa mwindaji tangu ujana. Siku moja alipanda mti kulina asali, nyuki wakamwambia ashuke, naye akashuka kwa njia fupi. Mkono wake wa kushoto ukavunjika kwenye kiwiko, ukaunga vibaya. Tangu hapo haukunyooka tena. Sasa mkono wa kushoto ndio unaoshika upinde, na ukiwa umepinda, mvuto wako unakuwa mfupi. Mishale ya baba yake ikawa mirefu kwake. Ya kaka yake ikawa mirefu. Ikambidi ajipime mwenyewe, upya, kama mtu aliyezaliwa jana. Akakata mishale mifupi, na kwa mishale hiyo akalisha watoto wake mpaka wakaoa. Watu waliiita mishale yake vijiti vya kuchokolea meno. Waliiita hivyo huku nyama yake ikiwa imewakwama menoni.

Mzee Beja akasema, "Mkuu, amri hii ni nzuri sana. Lakini umeiacha njiani. Agiza na vinywa vyetu vifunguke kwa upana wa kinywa chako. Ila sijui chakula cha kijiji kitatosha mpaka lini."

Mkuu Ngome akacheka kwa meno, macho hayakucheka.

"Wewe umesamehewa, Mzee Beja. Mkono wako ni kilema."

"Ahsante, Mkuu. Sikujua kwamba kilema nacho ni cheo."

Basi, mishale mirefu ikachongwa. Podo za kubebea mishale zikajaa. Vijana wakapita kijijini wakitembea kwa maringo, mishale imewazidi visogo. Kutazama, walipendeza. Kilichobaki ni kupiga.

Wakatoka kwenda kulenga shabaha. Mwero akapaza sauti: "Vuta! Vuta! Mpaka chembe iguse ngumi!"

Wakavuta. Wakavuta. Mabega yakapanda hadi masikioni. Shingo zikageuka upande. Mikono ikatetemeka kama majani ya mgomba. Maskini wa Mungu akifikisha chembe kwenye ngumi, ugwe umekwisha pita shavu, umepita sikio, na jicho halioni tena shabaha, linaona mkwe wake kule pembeni. Akiachia, ugwe unarudi na kuchapa kila kilicho njiani.

Paa! Sikio.

Paa! Mkono.

Paa! Sikio tena.

Mishale ikaenda ilikopenda. Mmoja ulipatikana juu ya paa la Mwero. Jioni ile nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa na masikio mekundu, na wote walisema wameumwa na siafu.

Alikuwepo pia kijana mmoja, Chirima, mrefu kuliko hata Mkuu. Kwake yeye fimbo ya barazani ilikuwa fupi. Akaenda akapiga magoti, akasema, "Mkuu, naomba mishale yangu izidi kidogo. Mikono yangu inapita."

Mwero akadakia, "Inampita nani?"

Chirima akatazama chini. "Haimpiti mtu."

"Ndiyo," akasema Mwero.

Siku chache baadaye Chirima akawaona kanga kondeni. Akatia mshale, akavuta kama mwili wake ulivyozoea kuvuta. Chembe ikafika kwenye ngumi, ikapita, ikaanguka ndani ya upinde. Hakuiona. Macho yake yalikuwa kwa kanga. Akaachia. Mshale haukwenda mbali. Uliingia kwenye mkono wake mwenyewe, chini ya kidole gumba, ukatokea upande wa pili.

Mzee Beja ndiye aliyemtoa ile chembe, kwa kisu na maji ya moto. Chirima aliuma kipande cha ngozi, machozi yanamtiririka. Mwero akapita, akatazama, akasema mkono ulikuwa umekaa vibaya.

Beja akamwambia, "Ndiyo." Mwero akaenda zake ameridhika.

Sasa sikilizeni, maana hapa utani unapungua.

Akaja chui.

Alianza na mbuzi. Mbuzi wa huyu, mbuzi wa yule. Kisha akachukua mbwa. Wanaume wakatoka kumwinda, na mishale yao ya kuvutia macho. Chui akatokea kichakani mchana kweupe, akasimama, akawatazama. "Vuta! Vuta! Mpaka chembe iguse ngumi!" Wakavuta. Vuuu, juu. Vuuu, kando. Paa, sikio. Chui akakaa chini akalamba mguu wake. Wanaosema kwamba alipiga miayo wanatia chumvi. Mimi nasema alilamba mguu tu. Halafu akaondoka, polepole, kama mtu anayetoka kwenye ngoma isiyochangamka.

Wanaume waliporudi, Mwero alitangaza kwamba chui amefukuzwa.

Kesho yake chui aliyefukuzwa akamrukia Sidi.

Sidi alikuwa mfinyanzi, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa machimboni kando ya mto, amechuchumaa, anachimba udongo wa vyungu. Hakusikia kitu. Alihisi uzito mgongoni na moto begani. Karibu naye palikuwa na mtungi wa maji. Akaushika kwa mkono mmoja, akampiga nao chui puani. Kwaaa! Mtungi ukapasuka, chui akapiga chafya, akaruka kichakani. Mwero hakuwepo kusema ndiyo.

Sidi akafika kijijini kwa miguu yake, bega la kushoto limechanika, damu mpaka kisiginoni. Alilala wiki kadhaa. Bega likapona, lakini halikurudi lilivyokuwa. Na wakati huo wote hakuna mwanamke aliyethubutu kwenda machimboni, wala mtoni peke yake. Maji yakawa ya kuchotwa kwa makundi, kwa mbio na kwa dua.

Siku aliyoweza kusimama, Sidi alikwenda kwa Mzee Beja.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bega linasemaje?"

"Linasema kijiji hiki kina fimbo, hakina wanaume." Sidi akaketi. "Mzee, watoto wangu wanakula vyungu. Nisipochimba udongo hawali. Nikichimba, naliwa mimi. Nifundishe upinde."

Mzee Beja alikuwa na majibu ya kejeli kwa kila mtu, lakini siku ile hakutoa hata moja. Akaingia ndani, akatoka na upinde mwepesi na mshale mrefu usio na chembe.

"Simama. Weka nyuma ya mshale hapa, katikati ya kifua. Nyoosha mikono mbele, viganja viubane mshale kama mtu anayeomba. Usijitune. Sikupimi kwa ajili ya posa."

Sidi akanyoosha. Pale ncha za vidole zilipoishia, Beja akatia alama ya mkaa kwenye mshale.

"Hicho ndicho kipimo changu?"

"Hicho ni makisio. Kifua kinakisia, upinde ndio unaosema. Mimi nikijipima hivyo mkono huu wa kushoto unaniambia uongo, maana umepinda. Sasa shika upinde. Vuta kama unavyotaka wewe. Lete kidole mpaka pembe ya mdomo, kisha simama hapo. Usilenge chochote. Vuta pumzi."

Sidi akavuta. Bega bovu likazama kidogo. Kidole kikagusa pembe ya mdomo. Mzee Beja akainama, akatia alama nyingine pale mshale ulipopita kwenye ngumi. Alama ya pili ilikuwa nyuma ya ile ya kwanza.

"Tena," akasema.

Akavuta tena. Mkaa ukaangukia palepale.

"Tena."

Palepale.

Sidi akatazama zile alama mbili, akanyong'onyea. "Nimepungua. Ni bega hili."

"Hujapungua. Kipimo cha mwaka jana ni cha mtu wa mwaka jana, na mtu huyo hakurukiwa na chui. Huyu aliyerukiwa ndiye ninayemkatia mshale."

Akakata mbele ya alama ya pili kwa upana wa vidole viwili, ili chembe isije ikaingia ndani ya upinde ikaula mkono. Akatia chembe, akatia manyoya. Akatundika kibuyu.

Vuuu. Kando.

Vuuu. Kando, lakini karibu.

"Mdomoni, Sidi. Kila siku mlango uleule. Ukipitia mlangoni leo na dirishani kesho, nyumba hutaijua."

Vuuu. Kwa! Kibuyu kikapasuka. Sidi akaketi chini, akalia. Beja akajifanya anatafuta kitu ndani.

Habari zikaenea. Kesho yake alfajiri mwanamume mmoja akaja kwa Mzee Beja na kigae cha chungu mkononi.

"Mzee, nimekuja kuomba moto. Wa kwangu umezimika."

"Pole. Na upinde ni wa kubebea moto?"

Mwanamume akatazama huku, akatazama huku. "Basi… kwa kuwa nimeshafika…"

Akapimwa. Siku iliyofuata akaja mwingine na kigae. Moto wake nao ulikuwa umezimika. Kisha mwingine. Mwezi ule moto wa kijiji kizima ulizimika, nyumba kwa nyumba, na kila uliozimika ulikuwa wa mwanamume mwenye sikio jekundu.

Wote walituna vifua. Wote walinyoosha vidole mpaka vikakaribia kung'oka. Beja alikuwa akiwachoma mbavuni kwa kijiti: "Toa hewa. Chui hatakuuliza." Wakitoka pale wana mishale ya kipimo chao, wanaificha chini kabisa ya podo, na juu wanapanga ile mirefu ili Mkuu aione. Chirima peke yake ndiye aliyekwenda mchana, mkono umefungwa kitambaa, na kutoka na mishale mirefu kuliko fimbo bila kuificha. Mwenye tundu mkononi haogopi mpiga mbiu.

Wa mwisho kuja alikuwa mrefu, amejifunika shuka mpaka puani.

"Nimekuja kuomba moto," akasema.

"Karibu, Mkuu," akasema Mzee Beja.

Mkuu Ngome akafunua uso. Sikio lake la kulia lilikuwa jekundu kuliko yote.

"Nipime," akasema. "Na ukicheka nitakufukuza kijijini."

Mzee Beja akampima, kifuani kisha kwenye upinde. Mkaa ukaanguka. Mkuu akaenda mwenyewe hadi kwenye ukuta, akausimamisha ule mshale wenye alama kando ya fimbo nyingine aliyokuwa amekuja nayo chini ya shuka, nakala ya ile ya barazani. Alama na fimbo vikatofautiana kwa shibiri nzima.

"Fimbo imerefuka," akasema Mkuu.

Mzee Beja akajifuta mkaa vidoleni.

"Basi mkono umefupika."

"Mkono ni uleule, Mkuu. Mgongo ndio umeinama. Na Mwero alipokata, alikuongezea kidogo."

Mkuu Ngome akaketi kwenye jiwe la kusagia. Alionekana kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Nikivuta siku hizi," akasema, "naona giza. Mikono inatetemeka. Nilidhani nikiwaagiza wote wavute hivyo, nami nitaweza."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, Mkuu. Na urefu wa mkono si nguvu za mshale. Kaa, nikukatie wako."

Akamkatia. Mkuu akautia chini kabisa ya podo, akajifunika shuka, akaenda. Moto aliusahau.

Baada ya hapo chui akachukua mbuzi wawili wa Mkuu mwenyewe, na kijiji kikaambiwa kwamba sasa hali imekuwa mbaya.

Wakatoka wanaume wote. Sidi akatoka. Wengine wakanung'unika kwamba mwanamke haendi windoni. Sidi akawauliza ni nani kati yao aliyewahi kumgusa chui huyo zaidi yake, manung'uniko yakaisha. Chirima akabeba ngoma, maana mkono ulikuwa haujapona. Mzee Beja akaenda mbele kusoma nyayo.

Wakamkuta karibu na machimbo, ndani ya kichaka cha miiba. Chirima akapiga ngoma. Du! Du! Du! Wapiga mishale walikuwa wamejipanga upande wa mto. Chui, ambaye hakuwa amehudhuria mkutano wa mipango, akatokea upande wa pili. Na upande wa pili alikuwepo Mzee Beja peke yake.

Aliyekuwa karibu zaidi ni Mkuu Ngome. Watu wote wakamtazama. Mkono wa Mkuu ukaenda kwenye podo. Ukagusa mshale mrefu ulio juu. Ukasita.

"Vuta, Mkuu!" Mwero akapiga kelele. "Mpaka chembe iguse ngumi!"

Mkuu akachukua ule mrefu. Akavuta. Akapita shavu, akapita sikio, shingo ikageuka, jicho likampoteza chui. Vuuu! Mshale ukaingia kwenye kichuguu. Kichuguu kilikuwa hakina kosa lolote.

Na chui akawa juu ya Mzee Beja.

Wakaanguka pamoja. Beja aliinua ule mkono wake uliopinda, chui akaudaka. Mkuu Ngome akaona damu. Hapo akasahau watu, akasahau pofu, akasahau jina lake. Akapekua chini kabisa ya podo, akatoa ule mshale mfupi. Kidole pembe ya mdomo. Hatua chache kando yake Sidi naye alikuwa amekwisha vuta, bega limezama, kidole pembe ya mdomo.

Vuuu! Vuuu!

Ndu! Ndu!

Mmoja ubavuni, mmoja nyuma ya bega. Chui akatoa sauti moja, akalegea, akabaki palepale alipokuwa.

Kila mtu akautazama mshale wa Mkuu ulivyosimama kwenye ngozi ya chui. Ulikuwa mfupi. Hakuna aliyehitaji fimbo kuliona hilo.

Mwero akawa wa kwanza kupata sauti.

"Tazameni!" akapaza. "Mkuu amebuni mshale mfupi! Kuanzia leo kila mshale uwe mfupi kama wa Mkuu! Ukizidi ni dharau! Ukipungua…"

Sauti ikatoka chini ya chui.

"Niondoleeni mnyama huyu kwanza. Halafu pimaneni mtakavyo."

Wakamwondoa. Mzee Beja alikuwa mzima, ila mkono ule umetafunwa. Akautazama, akasema chui alikuwa na adabu, ameharibu kilichokwisha haribika. Kisha akazimia, na Sidi akamfunga jeraha kwa khanga yake.

Mwero naye alikuwa amekwisha chomoa kisu, anatafuta mti wa kukatia fimbo mpya.

"Unafanya nini?" Mkuu akamuuliza.

"Ndiyo, Mkuu."

"Rudisha kisu." Kisha Mkuu Ngome akawageukia watu, na hii ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa: "Mshale ule mrefu ulinishinda. Huu mfupi ndio wangu. Kila mmoja akatafute wake."

Jioni ile aliiteremsha fimbo ya barazani akampelekea Sidi, naye akaitumbukiza kwenye moto wa kuchomea vyungu. Vyungu vikaiva vizuri. Haki yake apewe: Mwero alichagua mti mzuri.

Sifa za kijiji zikasafiri. Ukapita msimu mmoja, wakaja wajumbe kutoka kijiji cha ng'ambo, watu wazito, wamevaa vizuri, na fimbo ndefu ya mkole haijakatwa bado. Wakakaribishwa kwa Mzee Beja, ambaye sasa alikuwa akishika kata ya maji kwa mkono mmoja.

"Mzee," wakasema, "tumesikia mlivyomuua chui. Sisi kwetu kuna nguruwe. Tumekuja kuomba kipimo chenu cha mishale, tukakitangaze kwetu kwa watu wote."

"Mmetoka mbali?"

"Mbali sana, Mzee."

"Mmekuja na mikono?"

Wakatazamana. "Tumekuja nayo."

"Basi kipimo mmekuja nacho. Simameni mstari, mmoja mmoja. Wewe mbele, toa hewa."

Akawapima wote, mchana kutwa, na Sidi akikata. Wakaondoka kila mmoja na mshale wake, wakinung'unika njia nzima. Walikuwa wametaka fimbo. Fimbo ni rahisi kubeba.

Mzee Beja alikufa akiwa mzee sana, kitandani, jambo ambalo wawindaji wachache hulipata. Sidi akarithi mkaa. Na mpaka leo, kwa wale wanaokumbuka, mtu akijivuta kufikia asichofikia, huambiwa, "Toa hewa, usije ukamchosha Beja kaburini."

Watoto wangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ukiazima kipimo cha mkubwa utapata sikio jekundu, na mkubwa mwenyewe pengine analo jekundu kuliko lako. Jipime ulivyo leo, bega bovu na yote, kisha ulenge.

Hadithi yangu imefika pembe ya mdomo. Nikiivuta zaidi ya hapo, itanipiga sikio.